Nukta Zilizosimama

Kila Jumamosi asubuhi, nikishatoka kwenye chumba cha kufulia kule chini, nilikuwa napanda na kapu langu la nguo hadi ghorofa ya mzee, nalitua mlangoni pake na kuingia kumsomea barua. Tulikaa jengo moja huku Akalla, mwisho wa reli ya buluu, mahali ambapo ukisinzia kwenye treni hupati hasara, maana treni yenyewe haina pa kwenda tena. Yeye ni Mganda. Alikimbia kwao akiwa kijana, akapita Kenya, akafika Uswidi na koti moja na maneno mengi. Mimi ni Mtanzania niliyekuja kusoma kompyuta nikabaki. Kiswahili chake alikiokota njiani, na mara ya kwanza nilipothubutu kumsahihisha aliniambia nimwache, kwa sababu hicho chake kilimvusha mipaka, na changu kimenivusha mitihani tu. Sikumsahihisha tena.

Macho yake yalifungwa na presha ya macho akiwa bado na kazi kule Södertälje, kwenye kiwanda cha malori. Alikuwa mtu mzima tayari. Akajifunza kusoma kwa nukta nundu katika umri ambao wenzake walikuwa wanajifunza kupumzika, na hasira ya kujifunza utu uzimani hakuwahi kuificha.

Barua ninazosema si za karatasi. Ni za sanduku lake la baruapepe, ambalo nilikuwa nimelifungua kwenye simu yangu kwa ruhusa yake. Zilikuwamo za manispaa, za daktari wa meno, za watu wanaouza dawa za nywele kwa mzee mwenye kipara. Na zilikuwamo za Nakuru, ambazo ndizo alizozingoja. Dada yake mkubwa, aliyemlea, aliolewa huko wakati wa kukimbia kwao na hakurudi tena Uganda. Uzeeni masikio yakamwacha. Basi ukawa mtihani: huyu haoni, yule hasikii, na simu haiwafai wote wawili. Mzee alikuwa akisema, mimi naandika, mpwa wake kule Nakuru anamwonyesha mama yake maandishi, mama anasoma mwenyewe, anajibu, na jibu linanirudia mimi nilisome kwa sauti. Yote kwa Kiswahili, kwa ajili yangu. Lugha ya kwao mimi siijui. Na huyo mpwa haijui pia, amekulia kwenye Kiswahili na lugha ya baba yake.

Niliandika "Hujambo dada, mimi mzima, baridi imepungua" mpaka vidole vikaijua sentensi. Kuna siku alikuwa anaanza kusema jambo, sauti inabadilika, halafu anakatiza. "Acha. Andika namsalimia." Sikuona vibaya. Mambo ya watu wa tumbo moja hayapiti mdomoni mwa mtu wa tatu, hata awe mwema namna gani.

Kisha dada akaanza kuugua. Moyo, waliandika, na miguu kuvimba. Jumamosi niliyomsomea hayo mzee alikizungusha kikombe chake mezani.

"Mwanangu," akasema, "I want to write to my sister. Mimi mwenyewe. Kwa lugha yetu. Na wewe utoke nje."

Nilicheka. Yeye hakucheka, akaelekeza kidole kwenye kabati.

Ndani ya kabati kulikuwa na kifaa chake cha kusomea, kile alichokitumia tangu alipojifunza. Ni ubao mrefu wa plastiki, mzito, wenye safu moja ya vitundu, na katika kila kitundu pini ndogo huinuka na kushuka kutengeneza herufi za nukta nundu. Unausoma mstari mmoja kwa vidole, unabonyeza kitufe cha pembeni, pini zote zinaanguka, zinapanda za mstari unaofuata. Kinachokuja mbele hukijui kabla hujabonyeza. Juu yake kuna vitufe vya kuandikia kwa nukta hizohizo. Kompyuta ya zamani iliyokuwa inakielewa kifaa hicho ilikuwa bado inawaka, ila huduma ya baruapepe ilishaifungia mlango kwa kuwa mfumo wake umezeeka na hauaminiki. Kompyuta mpya aliyoletewa iliingia kwenye barua bila shida, lakini ukiichomekea kifaa kile inakaa kimya, inamkodolea tu macho mgeni.

Kituo cha vifaa vya msaada kilishampa kifaa kingine, kipya, chepesi, kizuri. Alikirudisha. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekomaa kwa miaka ya boliti na grisi, na nukta laini za kile kipya hakuzihisi. "Hiyo mpya inanong'ona," aliniambia. "Hii yangu inaongea." Binti yangu nilipomsimulia akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba mzee angejizoeza tu, wote wanajizoeza. Nikamwambia ajaribu kusoma kitabu chake cha shule akiwa amevaa miwani ya bibi yake. Akaniambia huo si mfano mzuri, na pengine alisema kweli.

Kwa hiyo tatizo halikuwa kifaa, lilikuwa draiva, yaani kile kipande cha programu kinachoifundisha kompyuta namna ya kuongea na kifaa. Waliokitengeneza kifaa walishafunga biashara zamani. Bahati ni kwamba maandishi yote ya draiva waliyaacha kwenye diski iliyokaa ndani ya boksi, chini ya waya na kitabu cha maelekezo cha Kijerumani. Kilichohitajika ni mtu wa kuitoa draiva ile kwenye mfumo wa zamani na kuihamishia kwenye mpya. Mimi ndiyo kazi yangu. Ofisini kwetu Kista nalipwa kwa mambo ya namna hiyo, ingawa huko vifaa ni vipya na hakuna anayevisubiri kwa roho juu.

Wapo wanaodhani kazi yetu ni uchawi. Kuhamisha draiva ni kazi ya fundi cherehani aliyeletewa suti ya marehemu aipunguze imkae mjukuu. Kerneli, ule moyo wa mfumo unaovigawia vifaa vyote zamu, hubadilika kila toleo. Wakubwa wa kerneli, ambao wanaishi kila nchi na hawakubaliani juu ya kitu chochote isipokuwa kuwakemea wengine, hubadilisha milango: huu wanaupa jina jipya, ule wanaufunga, mwingine wanaung'oa pamoja na fremu. Draiva ya zamani inakuja na heshima zake zote, inabisha hodi palipokuwa na mlango, inagonga ukuta. Nilipoijaribu mara ya kwanza makosa yalijaa skrini hadi nikaona aibu kwa niaba yake.

Nikaanza kuyapunguza moja baada ya jingine. Kwenye treni sikuweza, maana kutoka Kista hadi Akalla kompyuta haijawaka vizuri umeshafika. Nilikuwa nafanya saa ya chakula cha mchana, nikila wali wangu wa nazi uliopashwa moto mbele ya wenzangu wanaotafuna saladi kimya, na jioni jikoni kwangu binti akishakwenda mazoezini. Nilifurahi. Lazima niliseme hilo, kwa sababu baadaye nililisahau. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nilijua jina la mtu atakayeitumia kazi yangu, na nilijua anakunywa chai bila sukari.

Ndani ya draiva ile palikuwa na kituo. Kila ilipotuma mstari, programu ilisimama kidogo kabla ya kuruhusu mwingine. Binadamu asingeweza kuuona muda huo, lakini kwa kompyuta ni usingizi wa mchana. Aliyeiandika hakueleza sababu. Katika fani yetu kusimama bila sababu ni uvivu, na mimi sipendi uvivu, basi nikakiondoa. Mezani kwangu kila kitu kilikwenda vizuri. Nikampelekea mzee kwa mbwembwe, akaanza kusoma kwa kasi yake, na baada ya mistari michache akasimamisha mkono.

"Humu ndani kuna watu wamelewa," akasema.

Pini zilikuwa zinakwama. Nyingine zilibaki nusu zimesimama wakati mstari mpya unapanda, herufi ikageuka herufi nyingine, na sentensi nzima ikayumba. Mzee alisema nimwachie tu hivyohivyo, atakisia. Nikakataa. Nilimwambia kwetu fundi hakabidhi kitu kinachokwama, nikakibeba kifaa kurudi nacho nyumbani. Nilitafuta kosa katika kila nilichokiandika mimi, na sikuliona, kwa kuwa halikuwa katika nilichoandika. Lilikuwa katika nilichofuta. Majani yaliisha kwenye miti, theluji ikaanguka, ikawa matope, ikaanguka tena. Siku niliyokirudisha kile kituo, pini zikawa zinashuka zote, zinatulia, ndipo zinapanda nyingine. Springi zake zilikuwa za chuma cha zamani na zilitaka nafasi ya kupumua. Aliyeiandika draiva alilijua hilo, nami nilimwona mvivu.

"Mwenda pole hajikwai," mzee aliniambia nilipomweleza, tena kwa furaha ambayo sikuipenda.

Siku niliyomrudishia kifaa hakuanza na kuandika. Alianza kusoma barua za zamani, zile nilizomsomea mimi. Alitaka kuzisikia kwa mkono wake. Mimi nilikuwa jikoni kwake natafuta majani ya chai nikasikia anacheka, kisha kimya, kisha anacheka tena.

"Njoo hapa. Hii umeiruka."

Nilikuwa nimeiruka kweli. Juu ya barua ile mpwa wake aliandika: "Dada, hapa pa kuanguka kwa mama usimsomee Mjomba." Na nyingine ilikuwa hivyo, na nyingine. Dada kwenye barua hizo ni mimi. Kwetu anayemsomea mtu mzima barua ana kazi mbili, kusoma na kulainisha, na watu wa Nakuru walijua hivyo bila kuelezwa. Habari nzito haitupwi kwa mtu kama jiwe. Ukiwa na msiba anayepigiwa simu ni jirani yako, jirani anaita wengine, wanaingia mmojammoja wakijifanya wamepita tu, chai inapikwa, mtu mzima anakohoa, na hata hapo unaanza kuambiwa mgonjwa amezidiwa. Ni utaratibu wa kumtandikia mtu kitu laini mahali atakapoangukia. Huku ugenini, kwa mzee yule, utaratibu wote huo ulikuwa simu yangu.

"Kumbe mlikuwa na ofisi yenu humu," akasema. Hakuwa amekasirika. Alizipitisha tena ncha za vidole juu ya yale maneno, taratibu, usimsomee Mjomba, usimsomee Mjomba, akicheka chini kwa chini. Nami nikacheka. Tuliyasoma maneno yale tukiwa wawili, mchana kweupe, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona yanatuambia nini.

"Sasa toka kwenye sanduku langu," akasema.

Nikachukua simu, nikaliondoa sanduku lake mbele yake, nikimtajia kila ninachobonyeza kama mtu anayekabidhi funguo. Nilijisikia mwema sana. Nikauliza kama tuwaarifu Nakuru kwamba sasa anasoma mwenyewe. Akakataa. Alitaka barua yake ya kwanza ndiyo iwaarifu. Itafika kwa lugha yao, dada ataifungua, na atajua papo hapo kwamba hakuna mwingine katika dunia hii aliyeweza kuiandika. Jambo hilo lilinipendeza kuliko yeye. Nikasema sawa, tusiwaambie.

Jumamosi zilizofuata nilikuwa napanda kwa mazoea tu. Natua kapu, napika chai, nasikia vitufe vyake vinagonga pole pole, na natoka. Kila nikimuuliza kama ametuma, bado. Lugha ilikuwa imemtoka kwa kukaa bila mtu wa kuongea naye. Maneno ya nyumbani yalikuja, mengine yakagoma. Kulikuwa na neno moja alilitafuta wiki hadi wiki, la pale mahali nyuma ya nyumba ya mama yao walipokuwa wanakaa jioni kumenya ndizi, yeye na dada yake. Si ua, alisema, wala si kibaraza, wala si jiko. Lina jina lake.

"Weka la Kiswahili," nilimwambia. "Au mwache dada akukumbushe."

"Ndilo jambo lenyewe ninalomwambia. Nitalitiaje Kiswahili? Atanicheka."

Siku moja nilikosa subira. Nilimwambia aitume na makosa yake, mgonjwa hangoji ufasaha. Aligeuza uso wake upande wangu, na kwa yule mtu kugeuza uso ilikuwa ni kukusudia.

"Wewe ulinipa mashine ikikwama?"

Nilinyanyua kapu langu nikaondoka, na moyoni nilijua amenipata. Wote wawili tulikuwa mafundi wa aina moja, hatukabidhi kitu mpaka kinyooke. Kila nikikumbuka miezi ile kifaa kilipokuwa mezani kwangu, na mzee juu kule anasema atakisia tu, roho inaniuma. Najuta, tena sana, na sijui hata nilimlindia nani heshima.

Ikaja siku ya kazi, katikati ya wiki. Ofisini kwetu kuna chumba cha majaribio ambacho huingii na simu, unaiacha kwenye kikabati nje. Nilipotoka mchana umekwenda nikakuta nimepigiwa mara nyingi na mama Mkongomani anayemhudumia mzee kwa niaba ya manispaa, wa Bukavu, ambaye hupita asubuhi na alasiri kumwandalia chakula. Nilimpigia nikikimbilia treni.

"Papa hayakula tangu asubuyi," akasema. "Nilimuletea bouillie, akaacha. Iko anashikilia ile mashini yake, anasema nisimusemeshe. Kuya tu, mama."

Nilimkuta mezani. Kompyuta ilikuwa inawaka, uji umeganda pembeni, na mkono wake wa kushoto umelala juu ya kifaa, vidole vimetulia kwenye nukta. Mama wa Bukavu alisimama mlango wa jikoni na taulo mkononi.

"Umefika," mzee akasema. "Kuna barua yako hapa."

"Yangu, Mzee?"

"Isome. Usinisomee. Isome wewe."

Nikainama kwenye skrini. Jicho si kidole, lenyewe linaona ukurasa wote kwa mpigo, na kabla sijataka kujua nilishajua. Dada yake alifariki usiku, usingizini, nyumbani kwa mwanawe. Nikarudi juu kabisa. Mstari wa kwanza, ule uliokuwa umesimama chini ya vidole vyake, ulisema hivi: "Dada, usimsomee Mjomba hii. Ita watu."

"Sikubonyeza," akasema.

Nilivuta kiti nikaketi kando yake.

"Si barua yangu. Ni ya kwako. Nilifika hapo nikasimama. Lakini sasa sijui ni nani. Dada, au mtoto wake, au mmoja wa wajukuu. Tangu asubuhi nimewazika wote, mmojammoja."

Nimeishi na maneno yale tangu siku hiyo. Niliifanya kazi yangu barabara. Draiva ilipokea barua, kifaa kikainua kila nukta mahali pake, hakuna iliyokwama. Kikamkabidhi mzee, peke yake, asubuhi, kabla ya uji, kitu ambacho watu wa Nakuru walidhani wanakiweka mikononi mwangu. Hawakukosea wao. Hawakuambiwa. Na sisi tuliokuwa na maneno ya kuwaambia tulikuwa tunatengeneza mshangao.

Nilitaka nimwambie palepale, nimtue. Nikaweka mkono wangu begani kwake, akatikisa kichwa.

"Imeandikwa uite watu. Ita watu."

Basi tukaita. Mama wa Bukavu akawapigia wenzake wa kanisani, wakatoka Vårby gård, wakavuka mji mzima kwa treni na vyombo vya chakula vilivyofungwa kwenye vitambaa. Mganda mwenzake wa ghorofa ya chini, Mwislamu, dereva wa basi anayekaribia kustaafu, alipanda akiwa bado na sare yake. Jirani zangu Watanzania wakaja na viti. Wote walijifanya wamepita tu. Nilipika chai, nikatia tangawizi kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Kila aliyeingia alimsalimia mzee kwa kumshika mkono wa kulia, na yeye akaitikia kwa adabu yake yote, na mkono wa kushoto hakuuondoa kwenye kifaa. Alijua, tulijua, alijua kwamba tunajua. Lakini utaratibu ni utaratibu, na aliungoja kama mgonjwa anavyongoja dawa.

Dereva wa basi akakohoa. Akasema kwamba mzee ni mtu mzima, na ameona mengi, na kuna habari imetoka Nakuru, na binti yetu ataieleza. Nikapiga magoti karibu na kiti chake. Nikasema mgonjwa alizidiwa jana. Akaitikia kwa kichwa. Nikasema walimkalia wote, hakuteseka. Akaitikia. Kisha nikamwambia ni dada.

"Ni dada," akarudia. Hapo ndipo alipobonyeza kitufe, na tukazisikia pini zikianguka.

Aliisoma barua yote hadi salamu za mwisho, hakuna aliyemkatiza. Wanawake wa kanisani walianza wimbo kwa sauti ya chini, wakaumaliza. Baada ya chai ya pili aliniita akataka nimfungulie ile barua yake, ambayo bado ilikuwa inangoja kutumwa. Nikamfungulia. Nikamuuliza kama niitume sasa, walau ifike kwa mpwa, ikae pale nyumbani.

"Itasomwa na nani?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira, alikuwa anauliza kweli, huku akitugeuzia uso mmojammoja kwa kufuata sauti za vikombe. "Watoto wake hawaijui. Wewe huijui. Ndugu yangu huyu wa basi ni wa upande mwingine wa Uganda, na yeye haijui."

Dereva wa basi alikubali kwamba haijui.

Basi akaisoma mwenyewe. Aliweka mikono yote miwili juu ya kifaa akatusomea barua aliyomwandikia dada yake, kwa sauti, kwa lugha ambayo katika chumba kile aliijua peke yake. Alisoma mstari, akabonyeza, akangoja pini zitulie, akasoma mwingine. Kile kituo nilichokiona uvivu kilisikika kila mara, na chumba kizima kilingoja naye. Hatukuelewa hata neno. Katikati ya barua alicheka kidogo, na mama mmoja wa Vårby gård akacheka naye, kwa kumsindikiza tu.

Alipofika mwisho akanitafuta kwa mkono mpaka akanipata.

"Lile neno nililikumbuka," aliniambia kwa Kiswahili. "Leo asubuhi. Ndiyo kwanza nimeliandika, nataka kutuma, barua yako ikaingia."